Damu inayovujia ndani ya tumbo wakati wa ujauzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mjamzito, mume wake, mama yake au jirani aliyeona kitu hakiko sawa: maumivu ya tumbo yaliyokuja ghafla, kizunguzungu, uso kupauka, na chini hakuna damu hata tone. Kama hali hiyo inatokea sasa hivi, acha kusoma. Nenda hospitali inayofanya upasuaji na yenye damu ya kuongeza, kisha maswali utayasoma ukiwa huko.

Damu inavujaje tumboni bila mimi kuiona?

Damu unayoiona ukeni ni ile iliyotoka ndani ya kizazi au kwenye njia ya uzazi. Iliyotoka nje ya kizazi, iwe kwenye mrija uliopasuka, kwenye ovari, kwenye mshipa ulio mgongoni mwa kizazi, kwenye ini au bandama, haina mlango. Inatiririka kwenye uwazi unaozunguka utumbo na kutuama kwanza sehemu ya chini kabisa, kati ya kizazi na njia ya haja kubwa. Uwazi huo unaweza kubeba lita mbili na zaidi, na kama mimba ni kubwa hakuna atakayeona tumbo limeongezeka.

Ndiyo maana swali la kwanza linaloulizwa karibu kila mahali, "unatokwa na damu?", linaweza kumpoteza kila mtu. Mama anajibu "hapana" kwa uaminifu kabisa, na anaambiwa akae kwenye benchi asubiri zamu.

Daktari ameandika kwamba chanzo cha damu hakijulikani. Maana yake nini?

Mara nyingi maana yake ni kwamba bado hakijulikani. Ultrasaundi inaonyesha kuna majimaji tumboni, sindano au upasuaji unathibitisha ni damu, lakini mahali inapotoka hapaonekani mpaka tumbo lifunguliwe. Na hata likifunguliwa, mshipa mdogo unaweza kuwa umeshajiziba kwa bonge la damu.

Vilevile upo ugonjwa ambao tafsiri yake yenyewe ni hiyo: damu kuvuja tumboni ghafla kwa mjamzito, au kwa mama aliyejifungua ndani ya siku 42, bila kuanguka, bila ajali, bila kizazi kuchanika na bila mimba kutunga nje. Ni nadra sana, kiasi kwamba mkunga anaweza kufanya kazi hadi kustaafu asikutane nao. Unadra wake ndio hatari yake, kwa sababu kinachokuja kwanza akilini mwa wahudumu ni uchungu, kondo kuachia, kidole tumbo au gesi.

Dalili zake ni zipi hasa?

Maumivu ndiyo hutangulia. Mara nyingi mama anaweza kutaja alichokuwa akifanya yalipoanza: alikuwa anainuka kitandani, anapanga nguo, amekaa tu. Si maumivu ya kuja na kuachia kama uchungu. Yanakuja na kubaki, na yanazidi akitikisika, akikohoa au gari likipita kwenye shimo.

Dalili ninayotaka uikariri kuliko nyingine ni maumivu ya bega. Damu ikipanda hadi kwenye msuli wa kupumulia unaotenganisha kifua na tumbo, inausumbua mshipa wa fahamu unaoanzia shingoni, na ubongo unayasoma maumivu hayo kama yanatoka kwenye ncha ya bega. Bega likikandwa halisaidiki. Mama akilala chali linauma zaidi, akiketi linapoa kidogo. Kwa hiyo utamkuta anakataa kulala kwenye kitanda cha kupimia, na mhudumu asiyejua anamwona msumbufu.

Dalili nyingine ni hamu ya kwenda haja kubwa. Damu iliyotuama nyuma ya kizazi inasukuma njia ya haja, mama anakimbilia chooni, hapati choo, akisimama anaanguka. Mjamzito aliyezimia chooni akiwa na maumivu ya tumbo asipewe maji ya sukari na kulazwa chumbani. Apelekwe hospitali.

Zinazofuata ni za mwili kuishiwa damu: jasho jembamba la baridi, kiu, moyo kwenda mbio, pumzi fupi fupi, kutotulia, midomo na sehemu ya ndani ya kope kuwa nyeupe. Mtoto anaweza kupunguza kucheza au kutulia kabisa. Kichefuchefu na kutapika vipo pia, na ndivyo vinavyowafanya watu waseme ni chakula.

Nimepimwa presha nikaambiwa iko sawa. Si ina maana sivuji damu?

La. Katika ujauzito damu ya mama huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, ili kuwe na akiba ya siku ya kujifungua. Akiba hiyo ni neema, lakini inaficha. Mama mwenye afya anaweza kupoteza lita moja hadi moja na nusu huku presha yake bado inasomeka vizuri, halafu ikaporomoka kwa dakika chache. Wakati huo mwili umeshaanza kubana mishipa inayokwenda kwenye kizazi ili kuokoa moyo na ubongo wa mama, kwa hiyo mtoto ndiye huanza kukosa hewa.

Tazama mapigo ya moyo pamoja na presha. Kwa kawaida idadi ya mapigo kwa dakika huwa chini ya namba ya juu ya presha, tuseme mapigo 85 na presha ya 115 kwa 70. Ukiona mapigo 112 na namba ya juu ya presha ni 105, kila moja peke yake haitishi sana, ila zikiwa pamoja zinasema damu inapungua. Ukigawa mapigo kwa namba ya juu ya presha ukapata zaidi ya 0.9, mama huyo aangaliwe haraka. Wapo wachache ambao damu ikijaa tumboni mapigo yao hushuka badala ya kupanda, kwa hiyo mapigo ya taratibu nayo yasikutulize kama mgonjwa mwenyewe amepauka.

Kipimo cha wekundu wa damu (himoglobini) nacho hudanganya mwanzoni. Damu inayobaki mwilini ni ileile, haijachanganyika na maji. Kipimo cha kwanza kinaweza kusoma 11 na cha pili, saa mbili baadaye, kikasoma 7. Kipimo kimoja hakitoshi.

Mimba yangu ni changa, wiki ya saba. Sababu kubwa ni ipi?

Mimba kutunga nje ya kizazi, mpaka ithibitishwe kwamba siyo. Hutokea kwa mimba 1 hadi 2 katika kila 100, na zaidi ya asilimia 90 hukaa kwenye mirija. Mrija ni mwembamba, haukuumbwa kulea mimba. Kiini kikikua, kinaula ukuta wake na mishipa yake, na mara nyingi kati ya wiki ya sita na ya kumi unapasuka. Ikiwa imetunga pale mrija unapoingia kwenye kizazi, inaweza kuvumilia hadi wiki ya 12 au zaidi, na ikipasuka hapo damu hutoka kwa nguvu zaidi kwa sababu mishipa ya pale ni minene.

Walio kwenye hatari zaidi ni waliowahi kupata mimba ya namna hiyo, waliowahi kuugua maambukizi ya mirija kama yale ya klamidia na kisonono, waliofanyiwa upasuaji wa mirija, wanaovuta sigara, na waliopata mimba kwa kupandikizwa. Aliyefunga kizazi au mwenye kitanzi hapati mimba kirahisi, ila akipata, uwezekano wa kuwa nje ni mkubwa. Pamoja na hayo yote, karibu nusu ya wanaopata mimba nje hawana hata kimoja kati ya hivi. Kwa hiyo usijitoe kwenye orodha.

Wengine huwa hawajui hata kama ni wajawazito. Wanapata matone ya damu nyeusi nyeusi, wanadhani ni hedhi imechelewa na chango linawasumbua. Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya tumbo na kizunguzungu apimwe mimba, hata akisema haiwezekani.

Ikigundulika kabla ya kupasuka, na mama yuko imara, inaweza kutibiwa kwa sindano ya methotreksati na kufuatiliwa kwa vipimo vya homoni hadi iishe. Ikishapasuka hakuna sindano, ni upasuaji. Daktari Robert Lawson Tait alifanya upasuaji wa kwanza uliofanikiwa wa kuondoa mrija uliopasuka mjini Birmingham, Uingereza, mwaka 1883. Kabla yake madaktari wengi walikuwa wakingoja, na wanawake wengi walikufa wakingojewa.

Nimepiga ultrasaundi, hawaoni mimba ndani wala nje, na kipimo cha mkojo kinasema nina mimba. Nirudi nyumbani?

Hii inaitwa mimba isiyojulikana ilipo, na ni jina la muda tu. Inaweza kuwa mimba changa mno, inaweza kuwa imetoka, inaweza kuwa nje ya kizazi. Kama huna maumivu makali na presha iko vizuri, unaweza kuruhusiwa, lakini kwa masharti: urudi kupima homoni ya mimba kwenye damu baada ya saa 48, urudie ultrasaundi, usilale peke yako, na usafiri uwe umeshapangwa. Mimba iliyo mahali pake, homoni yake hupanda haraka, inakaribia kujizidisha maradufu kila siku mbili au tatu. Ikipanda kwa kusuasua, watu huanza kutafuta nje.

Ukiambiwa "njoo baada ya wiki mbili" bila maelezo mengine, uliza. Ni haki yako kuuliza.

Ultrasaundi imeonyesha mimba iko ndani ya kizazi. Nimeshasalimika?

Karibu. Kuna mambo mawili.

La kwanza ni kifuko kinachobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka. Ndicho kinachotoa homoni ya kuilinda mimba hadi kondo lichukue kazi, kwenye wiki ya 10 hivi. Kinaweza kuvuja damu au kupasuka. Mara nyingi damu huwa kidogo na hujikata yenyewe, mama anatazamwa tu wodini. Wakati mwingine haikatiki na inabidi upasuaji. Kama kifuko kitaondolewa kabla ya wiki ya 10, mama hupewa homoni ya projesteroni ili mimba isitoke.

La pili ni mimba mbili kwa wakati mmoja, moja ndani na nyingine nje. Kwa aliyeshika mimba kwa njia ya kawaida ni nadra mno. Kwa aliyepandikizwa mimba si nadra kiasi hicho, kwa hiyo kama ulipandikizwa na una maumivu upande mmoja, usikubali jibu la "mimba iko ndani" limalize mazungumzo.

Na kama nina miezi saba au minane?

Hapa orodha inabadilika, na hapa ndipo chanzo hukosekana zaidi.

Mishipa ya vena inayozunguka kizazi na ovari hutanuka sana mimba inapokua. Kuta zake ni nyembamba, haina vali za kuzuia shinikizo, na kukohoa, kujikamua chooni au kusukuma mtoto huongeza msukumo wa damu. Mmoja ukipasuka, hasa mgongoni mwa kizazi ambako hakuna anayepaona, damu hutoka taratibu au kwa kasi bila dalili yoyote ya nje. Kwa wanawake wengi waliopatwa na hili, huwa kuna endometriosisi, yaani nyama inayofanana na ile inayotanda ndani ya kizazi kuota nje yake. Ugonjwa huo huwapata karibu mwanamke 1 katika 10 wa umri wa kuzaa. Usiogope kupita kiasi, kwani wengi wenye endometriosisi huzaa salama kabisa. Ila mwenye historia hiyo akipata maumivu makali ya ghafla kuanzia katikati ya ujauzito, aitaje mwanzoni kabisa, asisubiri kuulizwa.

Kovu la kizazi la upasuaji wa awali wa kujifungua linaweza kuachia. Kwa aliyechanwa mara moja kwa mchano wa chini na kujaribu kuzaa kawaida, hutokea kwa chini ya mmoja katika kila mia. Uchungu uliokuwa mkali hukatika ghafla, mtoto huanza kuchoka, na wakati mwingine viungo vyake hupapaswa kirahisi chini ya ngozi. Kondo lililozama hadi kutoboa ukuta wa kizazi nalo huvujisha damu tumboni, hasa kwa mwenye makovu kadhaa.

Juu ya tumbo, upande wa kulia chini ya mbavu, kuna ini. Mwenye presha ya ujauzito anaweza kupata hali iitwayo HELLP, ambamo ini huvimba na damu kujikusanya chini ya utando wake. Utando ukipasuka, damu ni nyingi. Maumivu ya chembe ya moyo kwa mwenye presha si kiungulia mpaka apimwe damu, mkojo na presha.

Upande wa kushoto kuna bandama. Mshipa wake mkubwa unaweza kuwa na sehemu iliyotuna kama puto, na miezi mitatu ya mwisho ndiyo yenye hatari kubwa ya kupasuka. Kwa baadhi ya wagonjwa hupasuka mara mbili. Kwanza damu hujikusanya kwenye uwazi mdogo nyuma ya tumbo la chakula na kujibana, mama anazirai, anazinduka, kila mtu anashukuru. Baada ya saa kadhaa, hata siku moja au mbili, kizuizi kinaachia. Aliyezirai kwa maumivu ya upande wa kushoto juu asiruhusiwe kwa sababu tu "amepata nafuu".

Nitatofautishaje na uchungu, gesi au kondo kuachia?

Kwa gesi, tumbo hupungua ukienda haja au ukijamba, na hupauki. Kwa uchungu, kuna mapumziko katikati. Kondo likiachia kabla ya wakati, kizazi hukakamaa kama ubao na damu hutoka chini, ingawa kwa baadhi damu hufungiwa ndani ya kizazi; hali hizi mbili hata wataalamu huzichanganya, na hakuna aibu, kwani zote zinapelekwa hospitali kwa kasi ileile. Wewe nyumbani hulazimiki kuzitofautisha. Kazi yako ni kuona kwamba maumivu hayaachii na mtu anapauka.

Usitegemee tumbo kuwa gumu. Ukuta wa tumbo la mjamzito umevutika, kwa hiyo ule ugumu unaoonekana kwa wagonjwa wengine wenye damu tumboni unaweza usiwepo.

Tukiwa njiani tufanye nini?

Mimba ikiwa imepita miezi mitano, mama asilale chali, kwa maana kizazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Alale ubavu, wa kushoto ukiwezekana. Kama bega linamzuia kulala, aegemee nusu ameketi huku ameinamia kushoto. Afunikwe. Asile wala asinywe kitu, hata chai, kwa sababu huenda akalazwa nusu kaputi ndani ya saa moja. Asimeze diklofenaki, asipirini wala dawa za mitishamba za kufukuza maumivu. Kama alikuwa anatumia asipirini ya dozi ndogo au sindano za kuzuia damu kuganda kwa maagizo ya daktari, kadi na maboksi ya dawa yaende naye.

Pigeni simu mbele hospitalini kama mna namba. Na waende ndugu wawili watatu wenye afya wanaoweza kutoa damu. Akiba ya damu huisha haraka kuliko dawa yoyote.

Tukifika mapokezi tuseme nini?

Semeni kwa sentensi moja: "Ni mjamzito wa wiki kadhaa, ana maumivu ya tumbo ya ghafla yasiyoachia, amezirai, na bega linamuuma, tunaogopa damu inavuja ndani." Msianzie kwenye hadithi ya alichokula jana. Maneno "amezirai" na "ndani" huvuta machela haraka kuliko "tumbo linamsumbua".

Watanipima kwa kutumia nini, na je mionzi haitamdhuru mtoto?

Ultrasaundi ya tumbo huja kwanza, kitandani, kwa dakika chache. Mpimaji hutafuta weusi wa majimaji kati ya ini na figo ya kulia, kuzunguka bandama, na nyuma ya kizazi. Mwambieni asimtazame mtoto tu, ndipo makosa mengi hutokea: mtoto anapiga moyo vizuri, mashine inazimwa, na nyuma ya kizazi hakuna aliyepaangalia. Kama ultrasaundi haipo, daktari anaweza kuvuta kidogo kwa sindano. Damu isiyoganda kwenye bomba la sindano inaonyesha imetoka kwenye uwazi wa tumbo.

Picha ya CT hutumika mama akiwa imara na chanzo hakieleweki. Mionzi ya picha moja ya tumbo kwa kawaida iko chini ya miligrei 50, kiwango ambacho chini yake ulemavu wa mtoto au mimba kutoka havijaonekana. MRI haina mionzi lakini inachukua muda, na muda ndio usiokuwepo. Mama ambaye presha inaporomoka hapelekwi kwenye mashine yoyote. Anapelekwa chumba cha upasuaji.

Upasuaji unafanyikaje? Mtoto atatolewa?

Jiandae kuona mchano mrefu wa wima badala ya ule wa mlalo wa chini. Wengi hushtuka baadaye. Sababu yake ni kwamba daktari hajui damu inatoka juu au chini, anahitaji kufika kote. Akifungua, hukutana na damu nyeusi na mabonge yanayotolewa kwa viganja, kisha kizazi kinainuliwa ili kuona mgongo wake, na hapo mara nyingine kunapatikana kimshipa kisichozidi unene wa uzi, bado kinachuruzika. Kinafungwa kwa mishono miwili mitatu. Inashangaza kitu kidogo namna hiyo kinavyoweza kumwaga lita mbili.

Kuhusu mtoto, inategemea. Akiwa amefikia umri wa kuishi nje na amechoka, au kizazi kinazuia kuona chanzo, atatolewa. Akiwa mchanga mno na moyo wake uko vizuri, na damu imekatika, kizazi huachwa bila kuguswa na mimba huendelea. Kuna akina mama waliofanyiwa hivyo wakajifungua wiki nyingi baadaye. Kama kuna uwezekano atatolewa kabla ya wakati, mama huchomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, ila hakuna anayesubiri zifanye kazi wakati damu inamwagika.

Wanaoniuliza kama usingizi wa nusu kaputi utamuua mtoto nawajibu kwamba kinachomuua mtoto ni mama kukosa damu.

Wamefungua wakakuta damu, lakini hakuna kinachovuja. Wakafunga. Ni sawa?

Hutokea, na inaweza kuwa sawa. Kabla ya kufunga wanapaswa kuwa wameangalia ini, bandama, nyuma ya tumbo la chakula, mirija, ovari na pande zote za kizazi, na kuchukua kipande kidogo cha sehemu yoyote yenye mashaka kipelekwe maabara. Mrija wa kutolea majimaji huachwa tumboni ili damu ikianza tena ionekane.

Tatizo ni kwamba kilichojiziba kinaweza kuzibuka, ndani ya mimba hiyohiyo. Kwa maoni yangu mama wa namna hii asikae mbali na hospitali mpaka ajifungue. Kulazwa kwa wiki kadhaa kunachosha, lakini safari ya usiku wa manane inachosha zaidi.

Inawezekana kutazamwa tu bila kupasuliwa?

Ndiyo, kama damu ni kidogo, presha na mapigo yamekaa sawa kwa saa nyingi, wekundu haushuki na mtoto yuko vizuri. Kutazamwa ni kazi: vipimo vinarudiwa, laini mbili za mishipa ziko wazi, damu imeshapimanishwa na kundi lako. Kulazwa bila hayo si kutazamwa.

Imani yangu hairuhusu kuongezewa damu.

Sema mapema, siyo mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Zipo hospitali zinazoweza kukusanya damu yako mwenyewe kutoka tumboni, kuichuja na kukurudishia, na baadhi ya watu wa imani hiyo huikubali. Ikubali au ikatae kwa maandishi ukiwa na akili timamu, ili mume na ndugu wasibishane juu ya kitanda chako.

Nilianguka, au nilipigwa, siku tatu zilizopita. Inahusiana?

Inaweza. Bandama au ini lililopata mpasuko mdogo linaweza kushikilia kwa siku kadhaa. Kama ulipigwa nyumbani, omba kuzungumza na mkunga mkiwa wawili tu. Hujui namna ya kuomba? Mwambie unataka kwenda chooni akusindikize. Na wahudumu wanaosoma hapa: damu "isiyo na maelezo" kwa mjamzito iulizwe swali hili faragha, aliyemleta akiwa nje.

Kundi langu la damu ni hasi. Kuna la ziada?

Lipo. Damu ya mtoto inaweza kuingia kwenye yako wakati wa kuvuja au upasuaji, ukatengeneza kinga zitakazoishambulia mimba ijayo. Sindano ya anti-D itolewe ndani ya saa 72. Hii husahaulika sana katika pilikapilika.

Je, nilifanya kosa gani?

Hakuna. Si ndoo uliyobeba, si tendo la ndoa, si hasira.

Naweza kubeba mimba tena?

Wengi hubeba. Aliyeondolewa mrija mmoja bado ana mwingine. Aliyewahi kupata mimba nje, uwezekano wa kurudia ni takriban 1 katika 10, kwa hiyo safari ijayo ultrasaundi ifanyike mapema, wiki ya sita hivi, hata kama hujisikii vibaya. Aliyetibiwa kwa methotreksati angoje angalau miezi mitatu. Aliyechanwa kizazi kwa wima sehemu ya juu hapaswi kuingia kwenye uchungu tena. Atazaa kwa upasuaji uliopangwa. Mwenye endometriosisi au mshipa wa bandama uliotuna amwone mtaalamu kabla ya kushika mimba, kwani mshipa huo unaweza kuzibwa mapema.

Vidonge vya madini ya chuma viendelee, kwa kawaida hadi miezi mitatu baada ya wekundu kurudi. Na kama usiku unaamka moyo unaenda mbio ukidhani damu imeanza tena, hilo nalo lina matibabu, litaje kliniki.

Niombe nini kabla ya kuruhusiwa?

Omba karatasi inayoeleza: damu ilikuwa kiasi gani, ilitoka wapi au ni sehemu zipi zilikaguliwa bila kukuta kitu, kilichofungwa au kuondolewa, kizazi kilichanwa namna gani au hakikuchanwa, chupa ngapi za damu uliongezewa, kundi lako la damu na kama ulichomwa anti-D. Omba pia jibu la maabara la kipande kilichochukuliwa, au tarehe ya kulifuata. Ipige picha karatasi hiyo kwa simu siku hiyohiyo, umtumie na mtu mwingine mmoja unayemwamini. Mkunga atakayekupokea katika mimba ijayo huenda akawa mwingine kabisa, na "nilipasuliwa tumbo, kulikuwa na damu" hakumwambii kama unaweza kuzaa kawaida.